Kimya cha Wodi ya Pili

1

Tumpe Mwaijande alifika Lusangano saa tatu asubuhi, amelowa chapachapa, viatu mkononi, mkoba wa kazi ameufunga ndani ya mfuko wa mbolea. Gari la karakana lilikuwa limekwama chini ya kilima na dereva amesema haendi mbele hata kwa bunduki. Basi akapanda kwa miguu katikati ya mashamba ya chai, akimlaani dereva, akikilaani kilima, na akimlaani zaidi bosi aliyemtuma, ambaye saa hiyo bila shaka alikuwa amekaa pakavu anapuliza kahawa yake. Mvua ilikuwa na siku ya tisa bila kukatika, jambo ambalo kwa nchi ile halimshangazi mtu.

Agizo la kazi lilikuwa fupi: kagua maiki ya Wodi ya Pili, toa taarifa ya shauri kwa sauti kabla ya saa kumi jioni.

Lile neno "shauri" ndilo lililomkera. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka mkoa mzima kutengeneza maiki za hospitali, na karibu kila aliyoitiwa haikuwa na ugonjwa wowote. Mara waya umechomolewa ili mtu achaji simu, mara sponji imevalishwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze, mara panya. Alikuwa akichomeka waya, anavua kitambaa, anachagua jibu kwenye orodha ya majibu iliyokuwa tayari ndani ya kifaa chake, na anaondoka. Taarifa ya shauri alikuwa hajawahi kuitoa hata siku moja.

Mkuu wa hospitali, Dkt. Gwamaka Mwambene, alimpokea barazani na taulo mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Pole na safari, fundi. Jikaushe kwanza. Kazi yenyewe si kubwa."

"Kazi isiyo kubwa haiitwi shauri, Daktari."

Akatabasamu kwa adabu tu, kisha akamweleza. Jumatano iliyopita, saa nane mchana, mama mmoja aitwaye Sekela, wa miaka ishirini na sita, alijifungua salama mtoto wa kike. Baada ya muda akaanza kutoka damu. Sindano ya kuizuia ilikuwepo, tena hatua nne tu kutoka kitandani kwake, ndani ya kabati la dawa. Lakini kabati hilo, kama makabati yote ya hospitali siku hizi, lilifunguliwa na Karani.

Tumpe hakuhitaji kuelezwa Karani ni nani. Karani ndiyo programu iliyosikiliza wodi zote za nchi. Muuguzi alitaja jina la mgonjwa, hali yake na dawa anayoitaka. Karani akaandika kwenye jalada, akaitambua sauti, akafungua kabati. Kalamu zilikuwa zimeondolewa mawodini zamani, baada ya ule wizi mkubwa wa dawa, na sheria ilikuwa ya maneno machache: kisichosemwa hakikufanyika.

"Sasa jalada linasemaje?" Tumpe akauliza huku akijikausha nywele.

"Linasema kimya. Dakika kumi na tisa za kimya. Halafu linasema kabati limevunjwa."

"Na nani?"

"Na muuguzi wa zamu, aliyekuwa peke yake. Sista Atupakisye. Alilivunja kwa stendi ya dripu. Sindano ikapatikana, lakini Sekela alikuwa ameshakwisha." Daktari akatazama upande wa wodi. "Yeye anasema aliomba dawa tangu dakika ya kwanza. Anasema alipiga kelele."

"Wote husema walisema," Tumpe akajibu. Alilisema hilo kwa wepesi, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, na baadaye siku hiyo angetoa chochote kulirudisha mdomoni.

Daktari akampa utaratibu. Saa kumi kasoro dakika kumi yeye, mkuu wa hospitali, angesema mbele ya maiki ileile kama ni nzima au mbovu. Kisha fundi angepewa dakika kumi za kuthibitisha au kupinga. Akikaa kimya, Baraza la Sauti, linaloamua mashauri kama hayo, lingehesabu kwamba amekubali. Wengine wote hawakuruhusiwa kusema neno katika jalada hilo, na maandishi Baraza halikuyapokea kwa sababu yanaghushiwa. Saa kumi kamili jalada lingejifunga.

"Na nikisema maiki ni nzima?"

"Atupakisye anafutwa sauti."

Tumpe aliwahi kumwona mtu aliyefutwa sauti. Alikuwa mkunga wa miaka mingi kule Kapyu, na hakuna kabati, mlango wala jalada lililomtambua tena, nchi nzima. Mara ya mwisho alikuwa akiuza sabuni za mche nje ya geti la hospitali aliyoitumikia.

2

Wodi ya Pili ilikuwa na vitanda kumi na viwili na akina mama kumi na wanne. Juu hapakuwa na dari, ni mabati matupu, na mvua iliyapiga kwa nguvu hivi kwamba watu walizungumza kwa kuinamiana masikioni. Maiki ilining'inia katikati, kwenye mkono wa chuma juu ya meza ya wauguzi.

Tumpe akaanza tangu mwanzo kama alivyofundishwa. Akashika waya kwa vidole viwili akaufuata hadi ukutani: haukukatika, haukulegea. Akavua sponji, akaikung'uta, akainusa. Akapuliza vumbi kwenye matundu. Akaingia kwenye mipangilio akahakikisha Karani anasikiliza maiki hii na si ile ya ofisini, maana hilo nalo lilikuwa kosa la kila wiki. Akapima umbali kutoka mdomoni: shubiri moja na nusu, sawasawa kabisa. Kisha akatoa kipima chake, kisanduku cha plastiki chenye sauti ya mwanamume mmoja wa makao makuu, sauti nzito ya kuridhika na maisha, akakiweka mbele ya maiki na kubonyeza.

"Mgonjwa amelala salama," kisanduku kikatangaza. "Joto la mwili ni la kawaida."

Mgonjwa amelala salama, Karani akaandika kwenye skrini. Joto la mwili ni la kawaida.

Akarudia mara tatu. Mara tatu Karani aliandika bila kukosea hata mkato, na mvua ikipiga vilevile. Tumpe akatazama saa: saa nne na nusu. Moyoni akafurahi. Angepata wali wa mchana kantini, angesubiri saa kumi, angesema neno moja, angeteremka kilima kabla ya giza.

"Mdogo wangu, chai."

Akageuka. Mwanamke wa makamo alisimama nyuma yake na kikombe, amevaa sare ya uuguzi ambayo beji yake imebanduliwa. Pamebaki vitundu viwili vya pini.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Hunikumbuki. Ulipokuja kufunga hii mashine nilikuletea chai kama hivi."

Tumpe alimkumbuka, tena vizuri. Ilikuwa miezi minne iliyopita, siku ya jua kali isiyo ya kawaida. Akamkumbuka kwa ile sauti ya chini, laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto hata anapoongea na mkubwa.

"Sista Atupakisye," akasema. "Kumbe ni wewe."

"Ndimi. Nimeambiwa nisimguse mgonjwa, lakini chai hawakunikataza." Akaiweka mezani. "Umeiona ina nini?"

"Haina kitu, sista. Ni nzima." Akaona uso wa yule mama haujabadilika, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kama angelia. Kwa kutaka tu kuwa mwema akaongeza, "Hebu sema kitu hapa. Chochote."

Atupakisye akasogea, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi. "Kitanda cha tatu. Mgonjwa ana homa. Naomba dawa ya kushusha homa."

Taa ndogo ya kijani pembeni ya maiki ikapanda na kushuka kwa kila neno. Sauti ilikuwa imeingia, na imeingia safi. Kwenye skrini pakatokea neno moja.

Kimya.

"Rudia," Tumpe akasema, akiinamia skrini. "Rudia kwa nguvu."

Akarudia kwa nguvu. Mama wa kitanda cha tatu akainua kichwa kutazama kuna nini. Taa ilipanda hadi kwenye nyekundu.

Kimya.

"Wiki tatu sasa ananifanyia hivi," Atupakisye akasema. "Tangu walipombadilisha wakasema amekuwa mwerevu zaidi. Siku za jua nikimpigia kelele ananisikia kwa shida. Tulileta malalamiko."

"Mangapi?"

"Matatu. Tukajibiwa, sogeza maiki karibu na mdomo."

Hilo lilikuwa jibu namba mbili kwenye orodha ya kifaa chake. Tumpe alikuwa amelichagua mwenyewe, mara zote tatu, mara moja akiwa kwenye foleni ya samaki.

3

Kuna jambo moja kuhusu Karani ambalo wauguzi hawaambiwi kwa sababu halina maana kwao. Kabla hajafundishwa kusikia, Karani hufundishwa kutosikia. Fundi akishaweka maiki mpya huchukua kwanza kimya cha chumba: nusu saa nzima ya wodi bila mtu kusema. Karani anasikiliza feni, mabomba, mlio wa taa, anavikariri vyote, na tangu siku hiyo anavitoa kwenye kila anachosikia ili ibaki sauti ya mtu peke yake. Kazi hiyo ni ya chujio. Kelele zikizidi, kwa mfano mvua, chujio hujikaza. Na toleo jipya lililoletwa wiki tatu zilizopita lilikuwa limelikaza maradufu.

Tatizo ni kwamba katika mkoa ule hakuna wodi inayonyamaza nusu saa. Karibu mwaka mzima ni mvua kwenye mabati, na Karani akiletewa mvua kama kimya anaikataa: kelele nyingi, jaribu tena. Mafundi walikuwa wamelikwepa hilo zamani. Fundi alikuwa akisubiri siku moja ya jua, anachukua kimya kimoja kizuri, anakinakili kwenye kipima chake, na anakimwaga kwenye kila maiki anayoifunga baadaye. Wenyewe walikiita kimya cha mfukoni. Makao makuu walijua, wakafumba macho, maana bila hivyo mkoa usingepata Karani hata mmoja.

Kimya cha mfukoni cha Tumpe kilichukuliwa hapa hapa, Wodi ya Pili, miezi minne iliyopita.

Akavaa hedifoni. Akakifungua kile kimya, akapandisha sauti hadi mwisho, akasikiliza.

Feni. Bomba linalodondoka. Mlango. Kisha, chini sana, sauti laini ya mwanamke: mmeamkaje huko mjini? Na sauti ya mwingine, naye ananong'ona: tumeamka salama, sista, sijui hapa? Hapa salama. Na mama yako mzazi, mguu wake unaendeleaje? Anatembea sasa, tunashukuru Mungu. Na ndizi mwaka huu? Ndizi zipo, ila upepo umeziangusha. Na watoto? Na shule? Ndaga, sista, asante, ndaga.

Nusu saa nzima. Mtu amekuletea chai, amekuzidi umri, amesimama mbele yako anakujulia hali. Utamwambia anyamaze kwa sababu ya mashine? Tumpe hakulelewa hivyo, na hakuna mtu wa kule aliyelelewa hivyo. Walikuwa wamenong'ona kwa heshima ya kazi, wakadhani kunong'ona kunatosha. Karani akaikariri ile sauti ya kubembeleza sambamba na feni na bomba, akaiweka katika orodha ya vitu ambavyo si kitu.

Jumatano ile mvua ilipopiga mabati, chujio likajikaza hadi mwisho. Sista alikuwa akipaza sauti yake yote, na Karani akaitoa yote.

Tumpe akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu. Chai ilikuwa imepoa.

4

"Ni maiki ngapi zina hicho kimya?" Dkt. Mwambene aliuliza. Walikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa.

"Arobaini na mbili. Mkoa mzima. Tangu siku ile sikuchukua kingine."

Daktari akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Na sauti iliyomo ni ya Atupakisye tu? Wauguzi wa kwingine wanasikika?"

"Wanasikika. Hajalalamika mtu kwingine."

"Basi kirekebishe cha hapa, sasa hivi."

"Kwa mvua hii? Hakikubali. Nimejaribu mara tano." Ilikuwa kweli, alikuwa amewaomba akina mama wanyamaze, wakanyamaza masikini, hata vichanga vikawa kama vimeelewa, lakini mabati hayakuelewa. "Mvua ikikatika, nusu saa inatosha. Ila wote tunajua itakatika lini."

Wote walijua. Ilikuwa Januari, na mvua ya kule huisha Mei.

"Sasa nisikilize, fundi, nami nitaongea bila kuficha," daktari akasema. "Ukitamka kwamba maiki hii ni mbovu kwa sababu ya kimya chake, Karani hatauliza maswali. Atafunga kabati la wodi hii. Kisha atatafuta kila maiki yenye kimya hichohicho na kufunga makabati yake. Arobaini na mbili. Hayatafunguka mpaka fundi aliyeidhinishwa akachukue kimya kipya kwa kila moja. Mkoa huu una mafundi wangapi?"

"Nipo mimi."

"Na barabara hizi. Na mvua hii. Utamaliza lini?"

Tumpe alishapiga hesabu hiyo kabla hajabisha hodi. Miezi sita, akamwambia, na hapo ni kama hakuna daraja litakalosombwa.

"Jana usiku kumi na moja wamejifungua katika hospitali hii peke yake," daktari akaendelea. "Wawili walitaka sindano ileile ya Sekela. Waliipata. Piga hesabu ya wodi arobaini na mbili, miezi sita. Mimi nimepiga."

"Yale makabati si yanavunjika? Sista alilivunja."

"Alilivunja kwa dakika ngapi? Na lile lilikuwa la zamani. La sasa na ya kwingine ni ya chuma." Akavaa miwani. "Sema ni nzima. Mvua ikitulia, zunguka urekebishe moja moja, polepole, hakuna atakayejua. Atupakisye nitamtafutia kazi jikoni. Mimi si mtu mbaya, Tumpe."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomwelemea Tumpe. Angekuwa mla rushwa au mwoga, Tumpe angemtukana na moyo wake ungetulia. Lakini alikuwa mtu aliyekesha wodini na kuhesabu akina mama mmoja mmoja, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

5

Alimkuta Atupakisye kwenye benchi la korido, anakunja vitambaa vya vidonda na kuvipanga katika ndoo. Akakaa karibu yake. Kwa muda walikunja pamoja. Kisha Tumpe akamwambia yote: kimya, chai, salamu, mguu wa mama, jibu namba mbili, makabati arobaini na mawili. Hakujipunguzia chochote. Aliongea akitazama vitambaa kwa sababu alikosa ujasiri wa kutazama kwingine.

Alipomaliza alingoja kutukanwa. Alikuwa anataka kutukanwa.

"Kwa hiyo nilisema?" Atupakisye akauliza.

"Vipi, sista?"

"Jumatano. Nilisema?"

"Ulisema. Taa ya maiki inaweka kumbukumbu yake, haina uhusiano na Karani. Nimeiangalia. Dakika kumi na tisa zote ilikuwa inapanda. Kumi na nne za mwisho ilikuwa nyekundu."

Atupakisye akaiweka ndoo chini. Mikono yake ikabaki magotini, imefunguka. "Akina mama waliokuwepo walisema mvua iliwaziba masikio. Mume wake Sekela alisoma lile jalada. Mkwe wake alilisoma. Mwanangu naye akanitazama akasema, mama, labda ulishtuka, mtu akishtuka hudhani amesema na hajasema. Padre akaniambia hivyohivyo, kwa upole. Nikaanza kufikiri hivyo na mimi. Kila nikilala namwona Sekela ananitazama, na mimi nimesimama tu nimefumba mdomo." Machozi yakamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa nimeshaamini, mdogo wangu. Nilishaamini kwamba sikusema."

Tumpe akamshika mkono. Ulikuwa mkono mkavu wenye ngozi iliyochujuka kwa dawa za kunawia.

"Usiwafungie makabati kwa ajili yangu," Atupakisye akasema baadaye kidogo. "Hao akina mama wana kosa gani? Daktari yuko sahihi. Mimi umeniambia, inanitosha."

"Na mume wake Sekela inamtosha? Na yule mtoto akikua akasoma jalada?"

Atupakisye alichukua kitambaa kingine akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Tumpe alikaa pale mpaka saa tisa na nusu. Alijaribu kupima upande huu na upande ule, na kila mara akaishia palepale: wanawake asiowajua, wengi, na mwanamke mmoja anayemjua aliyemletea chai. Hakuna upande uliokuwa na haki. Akaona tu kwamba kuna uongo mmoja ambao hataweza kuubeba, nao ni ule wa kumfanya mtu aliyepiga kelele aitwe mtu aliyenyamaza. Atasema kweli. Na akishasema atazunguka wodi arobaini na mbili kwa miguu ikibidi, na atakayekufa humo katikati atakuwa wake, atambeba. Akainuka, akiogopa sana, akaelekea wodini.

6

Saa kumi kasoro dakika kumi. Mvua ilikuwa imeongezeka. Dkt. Mwambene alisimama mbele ya maiki, akakohoa, akataja jina na cheo chake.

"Maiki ya Wodi ya Pili imekaguliwa. Inafanya kazi."

Karani akaandika neno kwa neno, na chini yake pakatokea: Fundi, thibitisha au pinga. Dakika kumi.

Daktari akampisha. Hakumtazama usoni. Tumpe akasogea hadi shubiri moja na nusu, akavuta pumzi.

"Naitwa Tumpe Mwaijande, fundi wa mkoa," akasema. "Napinga. Kosa ni langu."

Taa ya kijani ikapanda. Kwenye skrini pakatokea neno moja.

Kimya.

Mtu anayejua kazi yake angeliona hili tangu saa tano asubuhi. Aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya kile kimya, ikiitikia, ikishukuru, ikisema ndizi zipo. Akaionea haya na kuipita, kwa sababu alikuwa akimsikiliza mwingine. Miaka kumi na miwili alikuwa hajamwambia Karani neno. Kipima kilimsemea. Sauti ya yule bwana wa makao makuu ndiyo iliyosikika mkoa mzima, na yake aliimwaga kwa mkono wake mwenyewe kwenye maiki arobaini na mbili kama kitu kisicho kitu.

"Napinga!" akapaza sauti. "Muuguzi alisema! Kimya kilichomo ni kibaya, nilikichukua mimi!"

Kimya.

Akashika maiki kwa mikono miwili. Akapiga kelele mpaka vichanga viwili vikaanza kulia na mama mmoja akaanza kumwombea kwa sauti. Karani aliandika kilio cha vichanga, kitanda cha tano na cha tisa, na saa. Dakika nne zilikuwa zimekwisha.

"Daktari," akageuka, sauti imekauka. "Wewe anakusikia. Nakuomba. Sema maneno yangu. Sema fundi anapinga, basi, maneno mawili tu."

Dkt. Mwambene alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye maiki. Alimtazama Tumpe. Kisha akatazama kabati, ambalo muuguzi wa zamu alikuwa amelisimamia akingoja sindano ya mama wa kitanda cha kwanza, kisha akavitazama vitanda, kimoja kimoja, kama anavihesabu. Mdomo wake ukafunguka. Tumpe aliiona pumzi ikiingia kifuani mwake, akaona midomo inaanza kuliumba neno, na kwa kitambo hicho kifupi alitumaini kwa nguvu zake zote. Halafu daktari akaweka kiganja mdomoni, akakikandamiza hapo kwa nguvu, na macho yake yakajaa maji.

Alikaa hivyo hadi mwisho.

Tumpe hakuacha kusema. Alisema jina la Sekela, alisema siku na saa, alisema taa nyekundu dakika kumi na nne. Mwishoni alikuwa hapigi kelele tena, anaeleza tu, kwa utaratibu, kama mtu aliye mbele ya watu wanaomsikiliza. Saa kumi kamili skrini ikabadilika.

Maelezo ya fundi: kimya, dakika kumi. Fundi amekubali. Jalada limefungwa.

Muuguzi wa zamu akataja mgonjwa wake na dawa anayoitaka. Kabati likafunguka mara moja. Daktari akatoka kwa mlango wa nyuma, kiganja bado mdomoni.

Tumpe akaketi kwenye kiti cha wauguzi. Hakuwa na nguvu ya kulia. Baada ya muda akasikia mtu ameweka kikombe mezani, na mkono ukamgusa bega. Atupakisye alikuwa ameshavua sare, amevaa gauni na kanga mabegani, na mfuko wa vitu vyake mkononi. Alitazama skrini, akaisoma mpaka mwisho, kisha akavuta stuli akakaa.

"Mdogo wangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "na mvua hii utafikaje nyumbani?"

"Sijui, sista. Gari limekwama."

"Utalala kwangu. Na mama, mguu wake?"

"Anatembea," Tumpe akajibu. "Tunashukuru Mungu."

Juu ya vichwa vyao taa ndogo ya kijani ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, na kwenye skrini Karani aliendelea kuandika, mstari chini ya mstari: kimya, kimya, kimya.